Umeme Ukikatika, Maji Yanakwenda Wapi?

Haya ni maneno niliyowaambia mafundi bomba vijana wa hapa Kigoma. Nimeyaandika kwa ombi la wale walioshindwa kufika.

Mwakeye!

Nashukuru kwa kunialika, na nashukuru zaidi kwamba mmeniruhusu niingie na mzigo huu. Tangu mkae, macho yenu yako hapa mezani, na nimemsikia kijana mmoja pale nyuma akimnong'oneza mwenzake, "Mzee kaja na samaki?" Samaki hakuna. Ni tangi la kioo juu, tangi la kioo chini, mabomba matatu yanayoshuka, moja linalopanda, na pampu ndogo inayounguruma humo chini. Maji ni ya bombani. Tuyaache yazunguke wakati nazungumza, yana kazi yake baadaye.

Wengi mnanijua kama fundi wa Ujiji, wa sinki na vyoo na simtanki juu ya mnara. Ni kweli. Lakini nilipokuwa Dar es Salaam nilitumbukia kwenye kazi ambayo sikuitafuta, ya kuwafungia watu mabomba ya matangi ya matumbawe. Mtu ana sebule yake, anataka kipande cha bahari ndani yake: matumbawe hai, samaki wa rangi, kamba, konokono wa kusafisha vioo. Baadaye kazi hiyo ikanifuata hadi huku, kwenye nyumba moja ya Bangwe inayotazama ziwa. Mwenye nyumba ana Ziwa Tanganyika dirishani, naye anataka Bahari ya Hindi ukutani. Nikamwambia nilichokiamini. Bosi, hapo chini kuna ziwa lenye kina cha mita 1,470. Samaki wake wa kwenye miamba watu wa Ulaya na Marekani wanawaagiza kutoka hapahapa Kigoma na kuwalipia nauli ya ndege. Wapo wadogo kuliko kidole wanaolala ndani ya makombe ya konokono. Weka hao, maji yao yako bure mlangoni kwako. Akacheka, akasema hao anawaona kila akienda kuogelea. Mteja akishasema hivyo, fundi unatoa futi unaanza kupima.

Sasa kwa nini nawaletea habari za matumbawe ninyi mnaojifunza mabomba zaidi ya kilomita elfu moja kutoka baharini? Kwa sababu mabomba ya tangi hili yana jambo moja ambalo sinki halina. Maji ya sinki yakishatoka yanakwenda shimoni, umemalizana nayo. Haya hayana pa kwenda. Ni yaleyale, yanashuka, yanapandishwa, yanashuka tena, usiku na mchana, na kinachoyaweka kila mahali pake ni ile pampu. Ikisimama, kila tone linatafuta mahali pa chini kuliko lilipo. Kwa hiyo kabla hujauliza bei ya pampu, kabla hujachora mstari wowote, uliza hivi: umeme ukikatika, maji yanakwenda wapi?

Mimi sikuuliza. Kazi yangu ya kwanza ya aina hii ilikuwa ghorofa ya tatu, Dar. Niliifunga ikapendeza, mabomba yamenyooka kama yamechorwa kwa rula, nikalipwa, nikaenda zangu. Baada ya siku nne simu ikaita saa nane usiku. Mtu akikupigia saa nane usiku ni msiba au ni maji. Umeme ulikuwa umekatika, na maji ya chumvi yalikuwa yameshuka kutoka tangi la juu, yakajaza la chini, yakamwagika, yakalowesha zulia, yakapita sakafuni, yakaanza kudondoka kwenye dari ya jirani wa ghorofa ya pili. Hakuna kilichopasuka wala gundi iliyoachia. Kila kitu nilichofunga kilikuwa kizima, nilichokosa ni hesabu. Zulia nililipa mimi, na dari nililipa mimi.

Hesabu yenyewe ni ya darasa la sita, ndiyo maana iliniuma.

Kwanza tuelewane majina. Tangi la juu ndilo la maonyesho. La chini, lililofichwa kabatini, wenye mchezo huu huliita sampu. Mliokulia Kibirizi kwenye mitumbwi mnakijua kitu hiki bila kukijua. Mtumbwi wa mbao una sehemu ya chini kabisa yanakokusanyika maji yote yaliyovuja na yaliyorushwa na mawimbi, na mtu mmoja hukaa pale na kopo akiyakumba. Pale panaitwa ngama. Sampu ni ngama ya tangi, na pampu ndiye yule mtu wa kopo, ila huyu anayarudisha maji juu badala ya kuyatupa ziwani. Humo ngamani ndimo tunamoficha vitu vyote visivyo vizuri kutazamwa: soksi za kuchujia uchafu, skima inayotoa takataka kwa njia ya povu, hita, chumba cha mwani. Hizo ni kazi za mwenye tangi, na mtamwachia yeye. Kazi yenu ni kwamba sampu iwe na nafasi tupu ya kutosha.

Chukua tangi la kawaida la nyumbani, urefu sentimita 120, upana 60. Uso wa maji una sentimita za mraba 7,200. Maana yake kila sentimita moja ya maji inayoshuka kutoka juu ni lita 7 na kidogo. Bomba la kurudisha maji linaingia tangini, mdomo wake umezama chini ya uso wa maji. Pampu ikisimama, bomba hilo linageuka kuwa mpira wa kunyonyea mafuta. Mnajua mtu anavyonyonya petroli kwenye pikipiki kwa mpira: akishaianzisha, inashuka yenyewe mpaka mpira uvute hewa. Hapa ndivyo ilivyo. Maji yatarudi kinyumenyume kupitia pampu iliyolala, mpaka uso wa maji ushuke hadi kwenye mdomo wa bomba na hewa iingie. Mdomo ukiwa sentimita 10 chini ya maji, utapoteza sentimita zote 10. Hizo ni lita 72. Ongeza maji yaliyokuwa njiani, ndani ya mabomba na kwenye kisanduku cha kumwagikia, kile cha tangi la juu ambamo maji huingia ili yashuke, tuseme lita 8. Jumla 80.

Sampu yetu ina sentimita 90 kwa 40, kimo 40. Ikiwa kazini maji yamesimama sentimita 20, yaani nusu. Nusu iliyobaki tupu inabeba lita 72. Umeletewa lita 80. Lita 8 zinakwenda sakafuni, na wewe unakwenda kununua zulia.

Sasa usibadilishe kitu chochote isipokuwa mdomo wa lile bomba. Upandishe uwe sentimita 3 tu chini ya maji. Zitashuka lita 22 hivi, ukiongeza zile 8 unapata 30. Sampu itapanda sentimita 8 na kidogo, kutoka 20 hadi 28 na ushee. Umebakiwa na sentimita 11 kavu. Tangi ni lilelile, pampu ileile, mabomba yaleyale. Ila angalia pia meno ya kisanduku cha kumwagikia maji yanapoingilia, yamekatwa mpaka chini kiasi gani. Kati ya meno na mdomo wa bomba, kilicho chini zaidi ndicho kitakachoamua maji yataishia wapi.

Nawaona wawili watatu wanataka kuniambia jambo. Nalijua. Fundi, si tufunge valvu ya kuzuia maji kurudi? Hiyo valvu ni nzuri kwenye maji ya bomba la mtaa. Kwenye maji ya matumbawe kuna viumbe wanaojenga magamba magumu mahali popote palipo giza na maji yanayopita, na ndani ya valvu ni giza na maji yanapita. Baada ya miezi kadhaa kigamba kimoja kimekaa kwenye kikalio chake, haizibi tena, na hujui kwa sababu pampu inafanya kazi vizuri. Utajua siku ya kiza. Wengine hutoboa tundu dogo kwenye bomba karibu na uso wa maji ili livute hewa mapema. Tundu nalo huota mwani, konokono huingiza kichwa. Fungeni vyote viwili mkitaka, sikatazi. Lakini pigeni hesabu kana kwamba havipo. Kimo cha mdomo wa bomba hakiozi wala hakioti mwani, nami ndicho ninachokiamini.

Huo ni mtihani wa kwanza. Wa pili ni kinyume chake, na watu wengi hata Dar hawaufikirii: umeme upo, pampu inasukuma, ila bomba la kushuka limeziba. Konokono amejisokota humo, jani la mwani, samaki aliyekufa. Pampu haijui. Itaendelea kupandisha maji mpaka chumba chake kwenye sampu kikauke, na maji yote ya chumba hicho yatakuwa yameingia tangi la juu. Ndiyo maana sampu hukatwa vyumba kwa vipande vya kioo, na chumba cha pampu hufanywa kidogo. Kikiwa na sentimita 25 kwa 40, maji sentimita 20, ni lita 20. Ukizigawa kwa uso wa tangi la juu, maji yatapanda karibu sentimita 3. Basi acha sentimita 4 au 5 za kioo kikavu juu na umepona. Ukikuta mtu amefanya chumba cha pampu kikubwa kama beseni la kuogea mtoto, mwambie amejenga mafuriko ya sebuleni, yanasubiri tu konokono wa kuyafungulia.

Vipande hivyo vya kioo vina kazi nyingine. Maji yanayoporomoka kutoka juu yanakuja na mapovu, na mapovu yakiingia kwenye pampu yanarudi tangini kama soda. Unapanga vipande vitatu, maji yapite juu ya cha kwanza, chini ya cha pili, juu ya cha tatu, na nafasi ya sentimita 2 na nusu au 3 katikati. Povu hupanda, halipendi kushuka, kwa hiyo litabaki nyuma.

Twende kwenye mabomba ya kushuka, maana hapo ndipo ufundi ulipo. Hapa mezani yako matatu, na mtu akiyatazama atasema mzee kaharibu mali, moja lingetosha. Moja linatosha kwa maji, halitoshi kwa usingizi. Bomba moja lenye maji na hewa pamoja linakoroma. Glu-glu-glu usiku kucha. Nimewahi kuitwa na mama mwenye nyumba, mumewe yuko safarini, akaniambia, "Fundi, ama utanyamazisha hicho kitu ama nitakizima." Angekizima samaki wangekufa, na mume angerudi.

Dawa ni kulifanya bomba la kwanza lijae maji tupu bila hewa. Bomba la inchi moja likijaa hivyo, likishuka urefu wa kabati la kawaida, hupitisha lita zaidi ya 3,000 kwa saa, kimya kabisa. Pampu yetu haileti zote hizo, kwa hiyo unalibana kwa geti valvu mpaka liwe linachukua karibu yote inayoletwa. Nasema geti valvu, ile ya kuzungusha, maana boli valvu inafunga na kufungua kwa robo mzunguko, huwezi kuikamata katikati kwa unyoya. Kile kidogo kinachobaki kinateleza taratibu kwenye bomba la pili, ambalo liko wazi. Bomba la tatu mdomo wake uko juu kidogo kuliko maji. Kazi yake ni kukaa kavu. Hilo halifungwi valvu, halibanwi, na lazima liweze kubeba maji yote ya pampu peke yake siku mengine mawili yakifa. Mwenye nyumba mfundishe kitu kimoja tu: akisikia bomba la tatu linalia, kuna jambo.

Na mwisho wa lile bomba lililojaa, huko sampuni, usiuzamishe sana. Sentimita 2 au 3 chini ya maji inatosha. Ukiuzamisha sana, umeme ukirudi, hewa iliyoingia bombani inashindwa kutoka, bomba halijai, na maji yanapanda juu mpaka kwenye bomba la tatu, lile la dharura. Umeme haurudi ukiwa umekaa mbele ya tangi na kikombe cha chai. Unarudi ukiwa Kasulu kwenye harusi. Mfumo lazima ujiwashe wenyewe.

Hadi mwaka 2022 mkoa wetu ulikuwa nje ya gridi ya taifa, tunaishi na jenereta za dizeli. Sisi wa Kigoma hatuhitaji kuelezwa kukatika kwa umeme ni nini, na hakuna gridi duniani isiyokatika. Ndiyo maana nasema fundi wa hapa ana nafasi ya kuifanya kazi hii vizuri kuliko fundi wa mahali ambapo taa haizimiki. Meli yetu ya Liemba ililetwa vipandevipande kutoka Ujerumani na kuunganishwa hapahapa, ikaitwa Graf von Götzen. Mwaka 1916 Wajerumani walipoona wanashindwa waliizamisha wenyewe, lakini kabla ya kuizamisha waliipaka mashine grisi nzito. Waingereza walipoinyanyua mwaka 1924 mashine ilikuwa bado ni mashine, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Wale walikuwa na vita, wana haraka, na bado walifikiria kwanza jinsi kitu kitakavyosimama. Mimi sina vita, nina tangi la lita mia tatu, nami nilisahau.

Kuhusu kasi ya maji sitawachosha. Kupitisha maji ya tangi zima kwenye sampu mara 3 hadi 5 kwa saa kunatosha, wimbi ambalo matumbawe yanalihitaji linatengenezwa na pampu nyingine ndogo humohumo tangini. Jihadharini tu na maandishi ya kwenye boksi. Pampu iliyoandikwa lita 3,000 kwa saa imepimwa ikiwa haipandishi kitu. Ipandishe mita moja na nusu uone. Na kila elibo ya nyuzi 90 kwenye bomba la inchi moja inakula nguvu kama umeongeza bomba la sentimita 75 hivi. Pale unapoweza tumia mbili za 45. Usitoke na bomba la robo tatu kwenye pampu yenye mdomo wa inchi moja kwa sababu eti ndilo lililokuwa dukani.

Vifaa. Hapa kuna sheria ambayo fundi wa nyumba huivunja bila kujua: hakuna chuma, hakuna shaba, hakuna brasi inayogusa maji. Koki ile nzuri ya manjano mliyozoea kuifunga kwenye simtanki, mwacheni mwenye duka aendelee kuitunza. Shaba kidogo tu iliyoyeyuka inaua kamba, konokono na matumbawe, samaki wakibaki wanashangaa. Klipu za chuma za kukazia mpira zinapata kutu, hata zile zinazodai kuwa haziozi. Kila kitu kiwe plastiki, PVC ya shinikizo na gundi yake. Panga kavu kwanza, bila gundi, mpaka uridhike, weka alama kwa kalamu kila kiungo kimekaa upande gani, ndipo uvunje ugundishe. Kisha uiache siku nzima. Na kila mahali ambapo kitu kitakuja kutolewa, kwenye pampu, chini ya kila tenki konekta, kile kiungo kinachopitisha bomba kwenye kioo, weka yunioni, kiungo kinachofunguliwa bila kukata bomba. Pampu ya kwanza niliyoifunga bila yunioni niliitoa kwa msumeno.

Kutoboa kioo: uliza kwanza kama ni kioo cha tempa, kile kilichoimarishwa kwa joto. Kikiwa cha tempa usikiguse, hakitobolewi, kinamwagika chote kama sukari. Cha kawaida kinatobolewa kwa biti ya almasi, maji yakimiminika muda wote, mkono mwepesi. Tundu lisikae karibu na ukingo, acha nafasi isiyopungua upana wa tundu lenyewe. Na pimeni konekta mliyo nayo mkononi kabla ya kuchagua biti, msipime ile ya kwenye picha.

Kabati nalo lina kesi yake. Seremala wa ile nyumba ya Bangwe ni mtu makini, alitengeneza stendi ya mninga ambayo ungeweza kuegesha gari juu yake, na lazima iwe hivyo, kwa sababu lita moja ni kilo moja, na ukiweka kioo na mawe tangi la juu linapita kilo 400. Akaweka nguzo katikati ya mlango. Sampu ikagoma kuingia. Tulisimama pale mimi naye, tunatazama nguzo, nguzo inatutazama. Tangu hapo naanza na karatasi moja, fundi bomba na seremala na mtu wa umeme wote wameisaini, sampu imechorwa ikiwa inaingia na ikiwa inatoka. Kitu kinachoingia siku moja kitatoka siku nyingine, na siku hiyo kitakuwa na maji.

Kwa mtu wa umeme nina maneno machache. Soketi isikae juu ya sampu. Kila waya ushuke chini kuliko soketi kabla ya kupanda kuingia, ili tone likitembea juu ya waya liangukie sakafuni. Maji ya chumvi yanapitisha umeme vizuri mno, na chumvi yenyewe hutambaa, utaikuta imekauka mahali ambapo hukumwaga tone. Swichi ya kukata umeme unapovuja si anasa. Na kama mwenye nyumba ana fedha ya betri moja tu, asiiweke kwenye pampu kubwa, aiweke kwenye kipampu cha hewa ndani ya tangi la juu. Maji yakisimama, kinachoua kwanza ni kukosa oksijeni, na viumbe karibu wote wako juu.

Sasa maji. Tangi linavukiza kila siku, na mvuke hauondoki na chumvi. Hili nanyi mnalijua kuliko watu wa Dar, maana Uvinza ni kwetu, na kwa karne nyingi watu wamechemsha maji ya chemchemi zile mpaka chumvi ikabaki sufuriani. Tangi ni Uvinza inayochemka polepole sana. Maji ya bahari yana gramu 35 hivi za chumvi kwa kila kilo, ukiongezea maji ya chumvi kufidia mvuke itapanda hadi viumbe wafe. Unaongeza maji matamu, tena yaliyochujwa madini. Maji ya ziwa letu hayafai kwa hilo. Yana madini mengi, pH yake inakaribia 9, na kila unapoongeza, maji yanapanda hewani, madini yanabaki. Na kabla hamjaniuliza: hapana, chumvi ya Uvinza haiwezi kutengeneza bahari. Ni chumvi ya mboga. Bahari ina magnesi, kalisi, potasi na mengine ambayo matumbawe yanayajengea mifupa, kwa hiyo unanunua mchanganyiko wake maalumu.

Kinachomhusu fundi ni jinsi hayo maji matamu yanavyoingia. Ni kwa boya, ile koki inayojifunga yenyewe maji yakifika kimo chake, kwenye chumba cha pampu, maana upungufu wote wa mvuke unaonekana pale. Mteja atakuambia unganisha boya moja kwa moja na bomba la nyumba ili asihangaike. Kataa. Boya likikwama bomba la nyumba haliishi maji, utajaza sampu, utajaza sebule, na baharini kutakuwa mtoni. Weka ndoo ya lita 20 na boya lichote humo. Likikwama, zitaingia lita 20 na basi. Kwenye mfumo wa lita 350, chumvi itashuka kutoka 35 hadi 33. Wataudhika, ila siku hiyo hutapigiwa simu ya msiba.

Nimeulizwa asubuhi kama mtu anaweza kwenda Dar akajichotea matumbawe yake. Hapana. Matumbawe magumu yamo kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, hayavuki mpaka bila kibali, na wanaojua mchezo huu hununua vipande vilivyokuzwa kwenye matangi ya wengine, vyenye karatasi. Hilo si la fundi bomba, ila ukiona mteja anapakua mwamba unaodondosha maji kutoka kwenye buti, jua umefika kwenye kazi ambayo huitaki.

Kabla ya samaki hata mmoja kuingia, nakaa na mfumo siku tatu, maji matupu kama haya. Nauzima na kuuwasha mara kumi kwa siku, naweka kalamu kwenye kioo cha sampu, alama moja ya ukiwa kazini, nyingine ya ukiwa umelala. Alama ya pili ndiyo mwenye nyumba anayokabidhiwa. Akiweka maji kupita ile ya kwanza, ajue ya pili nayo imepanda. Kisha naziba bomba la kwanza kwa kitambaa, nasubiri. Kisha na la pili. Nasikiliza la tatu likilia.

Basi, na sisi tufanye. Tangi hili la juu lina sentimita 60 kwa 30. Mdomo wa bomba la kurudisha uko sentimita 2 chini ya uso wa maji, na meno ya kisanduku yako juu yake. Ndani ya mabomba na kisanduku kuna lita moja. Sampu ni 50 kwa 30, na maji yake mnayaona yaliposimama. Wewe kijana uliyeuliza habari za samaki, njoo uchukue chaki. Wenzako wakusaidie hesabu, wasikusaidie kukisia. Chora mstari pale unapodhani maji yatasimama.

Umechora? Simama pembeni kidogo, viatu vyako ni vizuri. Haya, wewe uliye karibu na ukuta, zima swichi.